Nianze MBA sasa au nisubiri? Kupanga masomo na kazi hadi uongozi wa kampuni

Swali: Mtaalamu, naomba ushauri. Nina miaka 24, nina shahada ya kwanza ya sosholojia, na nina mwaka mmoja na nusu katika idara ya mauzo ya kampuni inayosambaza vifaa vya hospitali. Lengo langu ni kuwa Mkurugenzi Mtendaji nikifika miaka 40. Rafiki yangu ananihimiza nichukue mkopo niingie MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, mwaka huu. Bosi wangu anasema shule haina maana, kazi ndiyo shule. Mimi hesabu za fedha zinanitisha tangu zamani. Nianzie wapi, na nipange vipi miaka iliyobaki?

Jibu:

Ndugu yangu, usiingie MBA mwaka huu. Wala usikubali kwamba shule haina maana. Rafiki yako anatazama cheti, bosi wako anatazama kazi, lakini jambo lako hasa ni mpangilio: kipi kitangulie na kipi kifuate. Ushauri wangu ni kwamba upange kwanza majukumu utakayobeba, moja baada ya jingine, kisha kila somo uliingize pale ambapo jukumu linalofuata linalidai. Ukianza na masomo ukitumaini majukumu yatakuja yenyewe, utalipia elimu ambayo huna pa kuitumia, na baada ya miaka 2 au 3 sehemu kubwa itakuwa imekutoka.

Nieleze kwa nini usubiri. AMBA, mojawapo ya vyombo vitatu vikubwa duniani vinavyotoa ithibati kwa masomo haya, hudai wanafunzi wa MBA wawe na angalau miaka 3 ya kazi. Shule nyingi zenye jina hazina sharti kama hilo kwa maandishi, ila wastani wa darasa la muda wote huwa karibu miaka 5. Si urasimu tu. MBA hufundishwa kwa mjadala: mkasa wa kampuni unawekwa mezani, kila mmoja anauchambua kwa kuulinganisha na aliyoyaona kazini kwake. Asiye na cha kulinganisha anabaki kuandika maneno ya wenzake. Halafu waajiri wanaokuja kuchukua watu shuleni hawakupangii daraja kwa alama za darasani bali kwa kazi uliyoiacha. Mwenye mwaka mmoja na nusu wa mauzo hurudi kwenye soko la ajira akiwa na deni la mtu wa miaka 30 na nafasi ya mtu wa miaka 25.

Zipo shahada za uzamili za usimamizi zilizotengenezwa kwa ajili ya waliotoka chuoni jana. Zinamfaa ambaye bado hajapata mlango wa kuingilia kwenye biashara. Wewe umeshaingia.

Sasa tutazame mwisho wa safari, maana mpango unaanzia huko. Bodi ya wakurugenzi inapomtafuta mkuu wa kampuni huuliza mambo machache yanayojirudia. Je, amewahi kubeba faida na hasara ya kitengo kizima, yaani mapato, bei, gharama na watu, na akajibu kwa matokeo yake? Amewahi kuongoza viongozi wengine, si wafanyakazi wa chini yake tu? Amefanya kazi katika idara zaidi ya moja, kiasi kwamba mauzo yanapogombana na ghala anaelewa pande zote? Anaisoma mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, bila mkalimani? Shahada ya kwanza uliyosomea huulizwa mwisho kabisa, kama itaulizwa.

Angalia Mary Barra wa General Motors. Aliingia mwaka 1980 akiwa na miaka 18, mwanafunzi wa mafunzo kazini anayekagua sehemu za bodi za magari. Akapata shahada ya uhandisi wa umeme mwaka 1985, kisha kampuni ikamgharimia MBA ya Stanford aliyoimaliza 1990. Baada ya hapo aliongoza kiwanda cha kuunganisha magari, akashika rasilimali watu ya kampuni nzima mwaka 2009, akahamia uendelezaji wa bidhaa 2011, na Januari 2014 akawa Mkurugenzi Mtendaji. Satya Nadella naye alisomea uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta, akajiunga na Microsoft 1992, akasoma MBA ya Chicago mwishoni mwa wiki huku akiendelea na kazi hadi 1997, na akapewa kampuni Februari 2014 baada ya kuongoza vitengo vikubwa, kikiwemo cha seva na huduma za wingu. Indra Nooyi alianza na kemia, akaingia PepsiCo mwaka 1994 kwa upande wa mikakati, akawa mkuu wa fedha 2001 na mkuu wa kampuni 2006.

Nawataja kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna kati yao ambaye shahada yake ya kwanza ilikuwa ya biashara, kwa hiyo sosholojia yako usiionee aibu. Mtu aliyefundishwa kusoma makundi ya watu na kupima madai kwa takwimu ana kitu cha kuleta mezani. Pili, Nadella alikuwa na miaka 46 alipoteuliwa, na Barra 52. Kampuni ya ukubwa ule mtu kuipata akiwa na 40 ni nadra sana. Kampuni ya kati, au kitengo kikubwa ndani ya kampuni kubwa, inawezekana kabisa. Hivyo libadilishe lengo lako lishikike: uwe umeongoza kitengo chenye faida na hasara yake mwenyewe kabla ya kufika miaka 35. Ukilipata hilo, la 40 linajadilika. Ukilikosa, hakuna shahada itakayolifidia.

Umebakiza miaka 16 kufika 40. Naigawa hivi. Kuanzia sasa hadi 27, uwe mtu anayeaminika katika kazi yake na ushinde woga wa hesabu. Kati ya 27 na 31, uongoze watu kwa mara ya kwanza na uhamie idara nyingine. MBA, ukiamua kuisoma, huingia karibu hapa. Kati ya 31 na 35, upate kitengo. Baada ya hapo, kitengo kikubwa zaidi, au nafasi ya ukuu katika kampuni ndogo. Miaka hii si sheria. Ila mfuatano wake una sababu, na wanaouruka hukwama kwa namna zinazofanana.

Woga wa hesabu

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo penye hatari kubwa kwako na ndipo unapoweza kuanza kesho. Watu wa mauzo wengi husimama kwenye cheo cha meneja wa mauzo maisha yao yote, na kinachowasimamisha mara nyingi ni kutojua fedha inavyotembea ndani ya kampuni. Hesabu zenyewe ni za shule ya msingi: kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kinachotisha ni majina.

Chukua kampuni inayouza bidhaa moja. Kwa mwezi inauza vipande 1,000 kwa bei ya 50, mauzo 50,000. Kila kipande inakinunua kwa 30, jumla 30,000. Pango, mishahara na gharama nyingine zisizobadilika ni 12,000. Faida ni 8,000 kwa mwezi. Kila kipande kinaacha 20 baada ya gharama ya kukinunua, kwa hiyo gawanya 12,000 kwa 20: kampuni ikiuza vipande 600 imerudisha gharama, na kuanzia kipande cha 601 inapata faida.

Sasa muuzaji anakuja na ombi: mteja anataka punguzo la asilimia 10. Bei inashuka hadi 45. Wengi hudhani faida imepungua kwa asilimia 10. Hesabu tena. Kila kipande sasa kinaacha 15, si 20. Ili kulinda faida ileile ya 8,000, kampuni inahitaji 20,000 (gharama zisizobadilika 12,000 na faida 8,000) gawanya kwa 15, yaani vipande 1,334. Mauzo lazima yapande kwa theluthi nzima, na mahali pa kurudisha gharama pamehama kutoka vipande 600 hadi 800. Kama mauzo yatabaki palepale 1,000, faida inashuka kutoka 8,000 hadi 3,000. Muuzaji anayeifanya hesabu hii kabla ya kuomba punguzo huanza kusikilizwa vikaoni, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya uongozi ambayo wakubwa huiona.

Endelea hatua moja zaidi, kwa sababu biashara ya usambazaji kama yenu huanguka hapa. Tuseme mzigo unakaa ghalani siku 30 kabla ya kuuzwa, mteja analipa siku 60 baada ya kupokea, na ninyi mnamlipa mtengenezaji siku 30 baada ya kuletewa. Jumlisha 30 na 60, toa 30: kwa siku 60 fedha yenu iko nje. Gharama ya bidhaa za siku 60 ni miezi miwili ya 30,000, maana yake 60,000 zimefungwa wakati wote. Mauzo yakipanda maradufu ghafla, kila mtu anashangilia, lakini sasa zinahitajika 120,000. Zile 60,000 za nyongeza lazima zipatikane kabla wateja wapya hawajalipa hata senti. Hivyo ndivyo kampuni yenye faida inavyoshindwa kulipa mishahara. Suluhisho hutoka sehemu tatu tu: wateja walipe mapema, mzigo ukae siku chache, au mtengenezaji akubali kusubiri. Kisichopatikana hapo hufidiwa kwa mkopo au mtaji mpya, na riba inakula ile faida.

Jifunze kwa wiki 12, saa 5 kila wiki. Wiki 4 za mwanzo, shika uingizaji maradufu wa hesabu kwa mkono, kwenye karatasi: andika miamala 30 ya biashara ya kubuni, kila mmoja upande wa debiti na upande wa krediti, kisha utengeneze taarifa ya mapato, mizania na taarifa ya mtiririko wa fedha. Usitumie programu katika hatua hii. Programu inakuficha kosa, na kosa ndilo linalofundisha. Ikiwa mizania yako hailingani, itafute tofauti hadi uipate. Wiki 4 zinazofuata, pakua ripoti za mwaka za kampuni mbili zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa, za sekta moja, na uzisome ukianzia mtiririko wa fedha kabla ya faida. Jiulize kwa nini faida ni kubwa kuliko fedha iliyoingia, au kinyume chake. Jibu mara nyingi liko kwenye maelezo ya nyuma ya ripoti, yale yenye maandishi madogo ambayo wengi huyaruka. Wiki 4 za mwisho, tengeneza lahajedwali ya bidhaa unazouza wewe: bei, gharama, punguzo ulilotoa, siku ambazo mteja alichukua kulipa.

Kosa la kawaida ni kukusanya vyeti vya kozi za mtandaoni, fedha kwa wasio wahasibu ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kugusa namba za kweli. Kosa la pili ni kukimbilia upande wa mbali kupita kiasi. ACCA, sifa ya kitaaluma ya wahasibu, ina mitihani 13 na hudai miezi 36 ya uzoefu. Ni njia nzuri kwa anayetaka kuwa mkuu wa fedha na kupandia hapo, lakini kwa mtu wa mauzo itakula miaka ambayo ungeitumia kuongoza watu. CFA ina ngazi tatu na imetengenezwa kwa wachambuzi wa uwekezaji. Heshima zinazo, ila safari yake si hii yako.

Kuongoza watu

Cheo cha kwanza cha usimamizi ndicho kinachowaangusha wengi, na wanaoanguka huwa ni waliokuwa hodari. Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha mwaka 2019 uchambuzi wa wauzaji wa kampuni nyingi za Marekani. Waligundua kwamba wauzaji bora ndio waliopandishwa vyeo zaidi, lakini kadiri mtu alivyokuwa ameuza zaidi kabla ya kupanda, ndivyo timu aliyopewa ilivyofanya vibaya zaidi. Waliofaa zaidi kuwa mameneja ni wale waliokuwa wamezoea kufanya mauzo kwa kushirikiana na wenzao. Hilo ni funzo la moja kwa moja kwako. Tangu sasa, tafuta mauzo makubwa mnayoyafanya wawili au watatu, hata kama kamisheni inagawanywa.

Kwa nini hodari huanguka? Kwa sababu mwezi ukiwa mbaya anarudi kwenye anachokijua: anachukua simu, anamfuata mteja mwenyewe, anafunga mauzo. Namba inaokolewa, lakini timu haikujifunza kitu, na mwezi unaofuata inamsubiri tena. Meneja mpya mwenye watu 6 anapaswa kuona angalau nusu ya wiki yake ikienda kwao. Nusu saa ya ana kwa ana na kila mmoja kila wiki, ambayo haiahirishwi. Kwenda na muuzaji kwa mteja na kunyamaza, halafu kumwambia ndani ya gari ulichokiona. Kuajiri kwa maswali yaleyale kwa waombaji wote na kuwapa alama kabla ya kujadiliana na wenzako, la sivyo utaajiri watu wanaofanana na wewe. Na kumwondoa asiyefaa baada ya kumwambia waziwazi, kwa maandishi, kinachotakiwa na kwa muda gani. Kuchelewesha hili la mwisho kwa huruma huwaumiza wengine 5 wanaobeba mzigo wake, nao ndio wataondoka kwanza.

Ngazi inayofuata, ya kuongoza mameneja, ni kazi nyingine kabisa, ingawa mavazi ni yale yale. Huoni tena kazi yenyewe. Unaona ripoti za watu kuhusu kazi. Hapo unajenga njia za kupata ukweli: kutembelea ghala bila taarifa, kusoma malalamiko ya wateja mwenyewe, kuwauliza wafanyakazi wa chini bila kumvunjia heshima meneja wao.

Jinsi ya kuhama idara

Ukikaribia miaka 27, ukiwa na mauzo yenye matokeo, anza kuomba kazi ya uendeshaji: ununuzi, ghala, ugavi, au huduma baada ya mauzo. Kaa huko miezi 18 hadi 24. Katika vifaa vya hospitali, mtu anayejua kwa nini kipuri kinachelewa na nani anashikilia kibali cha kukiingiza ana thamani kuliko aliyejua orodha ya bei peke yake. Usiombe kwa maneno ya jumla kama "nataka kukua". Andika ukurasa mmoja: tatizo gani la idara ile umeliona, linagharimu kiasi gani kwa mwaka kwa makadirio yako, ungefanya nini ndani ya miezi 6, na nani atashika wateja wako ukiondoka. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo huamua, maana bosi anayekataa ombi kama hili kwa kawaida anaogopa pengo utakaloacha.

Tofautisha pia nafasi zinazobeba matokeo na nafasi za kushauri. Mpango mkakati, ofisi ya mkurugenzi, ukaguzi wa ndani: zinakupa macho mapana na zinakukutanisha na wakubwa, na mwaka mmoja au miwili huko ni mzuri. Zaidi ya hapo unageuka mtu wa kuandaa slaidi za maamuzi ya wengine. Ukipewa kuchagua kati ya cheo kikubwa makao makuu na tawi dogo lenye bajeti yako, chukua tawi. Hapo hakuna wa kumsingizia namba ikianguka, na hilo ndilo bodi itakalotaka kulisikia baadaye.

Kampuni ndogo hukupa faida na hasara mapema, wakati mwingine ukiwa na miaka 28, lakini mara nyingi hakuna wa kukufundisha mifumo. Kampuni kubwa ina mifumo na walimu, ila foleni ni ndefu. Mpangilio ninaoupenda kwa mtu wa hali yako ni miaka 5 hadi 7 ya mwanzo mahali penye nidhamu ya kazi, kisha kuhamia padogo penye jukumu pana. Kinyume chake ni kigumu zaidi, kwa sababu kampuni kubwa hazijui zimweke daraja gani aliyekuwa "meneja mkuu" wa watu 9.

Usihame kila baada ya mwaka. Mwaka mmoja unatosha kutengeneza bajeti, hautoshi kuishi ndani yake na kuja kuieleza ilipokosea. Kaa mizunguko miwili ya bajeti katika kila nafasi ya maana. Kwa upande mwingine, ukiomba jukumu pana kwa maandishi mara mbili ndani ya miezi 18 na ukajibiwa kwa tabasamu tu, ondoka.

Weka daftari la maamuzi tangu leo. Tarehe, uamuzi, ulichotarajia kitokee kwa namba, na baada ya miezi 6 kilichotokea. Bila daftari hilo kumbukumbu hubadilisha matarajio yafanane na matokeo, na unajiona ulijua. Ukifika kuomba shule au kazi kubwa, daftari hilo ndilo litakalokupa mifano yenye tarehe na tarakimu, wakati wenzako wanaandika kwamba wao ni "wabunifu na wachapakazi".

MBA, wakati wake ukifika

Kati ya miaka 28 na 31, jiulize: kuna jukumu mahususi ambalo silipati kwa sababu ya kukosa elimu hii? Majibu halali ni machache. Unataka kubadilisha sekta au nchi na huna mlango mwingine. Umepewa, au unakaribia kupewa, kitengo ambacho fedha na mkakati wake vinakuzidi. Au kampuni yako haipandishi mtu juu ya ngazi fulani bila shahada hiyo, na umeuliza ukathibitisha. "Kila mtu anayo" si jibu.

Aina zipo kadhaa. Ya muda wote Marekani huchukua kwa kawaida miaka 2, na kipindi cha kazi kati ya mwaka wa kwanza na wa pili humsaidia anayebadilisha sekta kujaribiwa na mwajiri mpya. Ulaya ya mwaka mmoja ni ya kawaida. Ya INSEAD ni miezi 10, na humfaa anayejua anakokwenda kwa kuwa hakuna muda wa kutangatanga. Ya jioni au mwishoni mwa wiki huchukua miaka 2 hadi 3, na faida yake ni kwamba unalotoka kulisoma Jumamosi unalijaribu Jumatatu. Iko pia ya watendaji, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1943. Madarasa yake hujaa watu wenye zaidi ya miaka 10 ya kazi. Kwa jinsi ulivyojieleza, nakuona kwenye ile ya mwishoni mwa wiki, isipokuwa ukiamua kuhama sekta.

Ithibati usiisome kwenye kipeperushi cha shule. Nenda kwenye tovuti ya AACSB, EQUIS au AMBA, zile ithibati tatu kubwa, na utafute jina la shule humo. Angalia pia kinachothibitishwa: AACSB na EQUIS huangalia shule, AMBA huangalia programu yenyewe.

Gharama ihesabu nzima: ada, maisha, riba ya mkopo, na mshahara wa baada ya kodi utakaoukosa ukiacha kazi. Hiki cha mwisho husahaulika, na mara nyingi kinakaribia ada yenyewe. Tuseme jumla ni 90,000, na kazi unayoilenga kwa kweli inakuongezea 15,000 kwa mwaka baada ya kodi. Miaka 6 kurudisha, kabla ya riba. Binafsi naiona miaka 5 kuwa mpaka. Ikizidi hapo, tafuta ya muda wa ziada au ufadhili wa mwajiri. Mwajiri akilipa, soma mkataba kwa makini: unafungwa miaka mingapi, je, deni linapungua kila mwezi unaoutumikia au linabaki kamili hadi siku ya mwisho, na inakuwaje ukiachishwa wewe badala ya kuacha mwenyewe. Watu husaini bila kusoma kipengele hicho cha tatu.

Mtihani wa GMAT, ambao shule nyingi huutumia kuchagua wanafunzi wa MBA, kwa sasa una sehemu tatu za dakika 45 kila moja, hesabu, lugha na uchambuzi wa data, na alama zake ni kati ya 205 na 805. Alama hukubalika kwa miaka 5. Kwa hiyo unaweza kuufanya ukiwa na miaka 26 au 27, kabla kazi na familia havijakubana, na alama zikakusubiri. Tenga saa 100 hadi 150 kwa miezi 3 au 4. Zile wiki 12 za fedha zitakuwa zimekurahisishia sehemu ya data.

Kuna jambo moja dogo lenye uzito. Shule nyingi hutaka barua ya msimamizi wako wa moja kwa moja. Huyo ni bosi wako, yule anayesema shule haina maana. Usibishane naye sasa kuhusu MBA, hakuna haja. Mwonyeshe kazi, mshirikishe namba zako, na mwaka mmoja kabla ya kuomba mwambie mpango wako. Msimamizi anayesikia habari hizi wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho huandika mistari minne isiyomsaidia yeyote.

Pamoja na hayo, tafuta nafasi ya mweka hazina katika chama cha ushirika, chama cha wahitimu au shirika dogo la hiari. Haina mshahara, ila utatengeneza bajeti ya kweli, utakaa na mkaguzi wa hesabu, na utaona kutoka ndani bodi inavyouliza maswali. Ni mazoezi ambayo kazini hutayapata kabla ya miaka 35.

Kwa siku 90 zijazo fanya mambo mawili tu. Anza wiki 12 za hesabu. Na umwombe mtu wa idara ya fedha akuonyeshe kile kila bidhaa yako inachoacha baada ya gharama, pamoja na orodha ya wateja wako kwa siku wanazochukua kulipa. Akisita kukupa gharama, muombe ile orodha ya malipo peke yake. Mara nyingi wataitoa kwa furaha, kwa sababu wamekuwa wakimtafuta mtu wa mauzo atakayewasaidia kudai.